Chumba cha Mwalimu: Kinanda na Inanga katika Nyanda za Buha

Wahakiki wa ushairi wetu wamezoea kuuliza shairi limetungwa na nani, lini, na kwa bahari gani. Ni nadra kuuliza lilifundishwa katika chumba gani. Nauliza swali hilo kwa sababu ya jambo linalofanyika katika baadhi ya nyumba za Kasulu na Kibondo, miji ya nyanda za juu za Kigoma iliyo mbali na mawimbi yetu: mtu mzima mmoja na mwanafunzi mmoja huketi mbele ya kinanda, na mkubwa humwelekeza mdogo vidole. Kwetu visiwani mafunzo ya namna hii hutazamwa kama jambo la kigeni; mtoto wa mwenye nacho, mwalimu wa kulipwa, kitabu cha Kizungu kimeegemezwa mbele. Mimi nadai kinyume. Nadai kwamba somo la mtu na mtu, nyumbani kwa mwalimu, lilikuwapo katika nyanda hizo kabla ya kanisa lililoleta kinanda, na kwamba kilicho hatarini leo ni neno lililokuwa likifundishwa pamoja na ala, zaidi ya ala yenyewe.

Tuanze na jina. Ukitamka kinanda mbele ya kijana wa Unguja leo, ataona akilini vibao vyeupe na vyeusi. Lakini kamusi za karne ya 19, kama ile ya Krapf iliyochapishwa London mwaka 1882, zinalieleza neno hilo kuwa ni ala ya nyuzi, na watu wa Lamu walikuwa na mchezo wa harusi ulioitwa kinanda, uliochezwa kwa kibangala. Kisha likaja sanduku la kupigia sahani, likaitwa kinanda cha santuri. Ala ya wamisheni ya kukanyagia upepo kwa miguu nayo ikaitwa kinanda, na piano ilipofika haikutafutiwa jina jipya. Neno limebadilisha mwili mara kadhaa na jina likabaki lile lile. Sasa sikiliza upande wa pili wa nchi. Waha, kama majirani zao wa Burundi na Rwanda, wana ala ya nyuzi iitwayo inanga. Waganda wana ennanga, kinubi cha ikulu ya Kabaka, na jina hilo wamelipa pia kinanda cha kanisani. Sijengi hoja juu ya kufanana kwa sauti za majina. Hiyo ni kazi ya wanaisimu. Najenga juu ya kufanana kwa safari. Pwani na bara, watu walipokiona chombo kipya cha vibao, waliona ndani yake ndugu wa ala yao ya nyuzi.

Inanga ni ubao uliochongwa ukawa kama sinia refu, au kama hori lisilo kina. Uzi mmoja mrefu, zamani wa mshipa wa ng'ombe, hupitishwa katika meno yaliyochongwa kwenye ncha mbili, ukaenda na kurudi mpaka ukafanya mistari saba, minane au zaidi. Kwa kuwa uzi ni mmoja, ukikaza hapa umelegeza pale. Hivyo kuipatanisha inanga peke yake ni elimu, wala haifundishiki kwa barua. Sharti mwalimu awe karibu, aguse, asikilize, aguse tena. Na kinachoimbwa juu yake ni ushairi wa maana kamili: sifa za wafalme na za ng'ombe, vita, mauti, masikitiko ya mtu aliye peke yake. Wasomaji wa ukurasa huu wanamjua M. M. Mulokozi kwa Malenga wa Bara, aliyoiandika na K. K. Kahigi mwaka 1976, na kwa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Wengine bado wanamnunia kwa sababu ya vina alivyoviacha. Ni wachache wanaokumbuka kwamba tasnifu yake ya udaktari, ya mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilihusu tendi za enanga za Wahaya. Mtu aliyelelewa karibu na ushairi wa namna hiyo hakuja kuvunja nyumba yetu kwa ujeuri. Alikuwa na nyumba nyingine, na nguzo zake zilikuwa nyuzi.

Hapa ndipo penye uhondo wa maneno yangu. Nchini Burundi, ambako Kirundi na Kiha vinasikilizana kwa urahisi, kuna inanga ya kunong'ona. Mpigaji haimbi. Ananong'ona. Mnong'ono, kama kila mtu ajuavyo akijaribu usiku kitandani, hauna sauti ya juu wala ya chini. Ni pumzi yenye maneno. Nyuzi ndizo zinazopanda na kushuka. Lakini msikilizaji aliyezoea hasikii vitu viwili. Anasikia mtu mmoja akiimba, kana kwamba pumzi imeazima koo la ubao. Cornelia Fales, aliyeichunguza sanaa hii na kuiandikia makala mwaka 2002, ameonyesha kwamba muungano huo unafanyika katika sikio la msikilizaji: kila upande una upungufu, na sikio linaushona upungufu wa huu kwa wingi wa ule. Nimesoma hoja nyingi juu ya uhusiano wa shairi na muziki wake, na sijakutana na mfano uliokamilika kuliko huu. Shairi likiondolewa nyuzi, limepoteza toni. Nyuzi zikiondolewa shairi, zimepoteza maneno.

Sasa fikiri sanaa hiyo inafundishwaje. Mnong'ono hausikiki uwanjani. Hausikiki hata upande wa pili wa ukumbi. Anayetaka kujifunza hana budi kuketi mahali ambapo pumzi ya mwalimu inamfikia. Umbali wa sanaa ni ule ule umbali wa somo. Ndiyo maana nasema kwamba darasa la nyumbani halikuingia Buha na kinanda cha Yamaha. Lilikuwapo kando ya moto, na mwalimu alikuwa baba, mjomba, au jirani aliyefahamika kwa ala hiyo.

Kwa msomaji wa pwani kuna jambo moja la kulitia akilini kabla ya kuendelea, maana bila hilo hataona hasara iko wapi. Kiswahili ni lugha ya mkazo. Tunalo neno barabara, ambalo mkazo ukihama linatoka kwenye njia na kuwa sawasawa. Lakini maneno kama hayo kwetu ni machache, na wimbo wetu hauyaogopi. Mahadhi moja ya utenzi hubeba Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, na kesho yake mahadhi hiyo hiyo hubeba utenzi wa kuhimiza kilimo, na hakuna aliyeumia. Sauti yetu ni jahazi: hupakia shehena yoyote. Kiha, kama Kirundi na Kinyarwanda, ni lugha ya toni. Katika lugha za kundi hilo neno inda laweza kuwa tumbo, laweza kuwa chawa, na tofauti imo katika kupanda na kushuka kwa sauti. Hebu mfikirie mtunzi anayetaka kuimba juu ya tumbo lililomzaa, kisha muziki umpeleke kwenye chawa. Muktadha utamwokoa, bila shaka. Wasikilizaji si wapumbavu. Lakini ufundi wa kale ulikuwa haumfikishi mtu kwenye kuokolewa. Muziki ulizaliwa ndani ya neno.

Kanisa lilileta njia nyingine. Kasulu ni makao ya Dayosisi ya Kianglikana ya Western Tanganyika tangu mwaka 1966, na Wakatoliki wana misheni yao Kabanga. Kote huko kwaya ni kitu kikubwa. Nota za solfa, zile za do, re, mi ambazo John Curwen, mchungaji wa Kiingereza wa karne ya 19, alizieneza ili watu wa kawaida waweze kuimba bila kusoma mistari mitano, zilisafiri na misheni na zikapendwa Tanzania nzima. Walimu waliopitia vyuo kama Butimba, Mwanza, walizipeleka mbali zaidi. Sizidharau. Karatasi moja ya solfa imewawezesha watu wa kijiji kuimba sauti nne bila mwalimu wa mbali. Lakini tenzi za Ulaya zilipotiwa maneno ya lugha za toni, muziki ulikuwa umekwisha kukatwa kabla neno halijapimwa.

Wakatoliki walilitambua tatizo hili mapema. Waraka wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Liturujia, wa tarehe 4 Desemba 1963, una vifungu viwili vilivyo majirani: cha 119 kinataka muziki wa watu wa nchi za misheni upewe heshima yake, na cha 120 kinakitukuza kinanda cha mabomba. Mwaka huo huo Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alichapisha kitabu chake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Majirani hao wawili wa waraka hawajawahi kupatanishwa na maaskofu peke yao. Anayewapatanisha, au anayeshindwa kuwapatanisha, ni mwalimu wa kinanda nyumbani kwake Kasulu, siku ya Jumamosi mchana, mwanafunzi akiwa ametia kidole mahali pasipo pake.

Mwalimu huyo aghalabu ndiye mpiga kinanda wa kwaya. Piano yenyewe, ile ya mbao na nyuzi za chuma, ni adimu huko. Chombo chake ni cha umeme, cha vibao 61, kinachoweza kutumia betri. Na hilo lilikuwa na maana, kwani kwa miaka mingi umeme wa miji hii ulitoka katika mitambo ya dizeli na haukuwa wa kuaminika. Sebule ndiyo darasa. Viti vinasogezwa, mtoto mdogo anafukuzwa, pazia linateremshwa. Somo moja nililolisikiliza Kasulu lilinifunza kuliko vitabu vingi. Msichana alikuwa akitafuta kwenye vibao wimbo wa Kiha aliofundishwa na bibi yake. Aliupata upesi kwa mkono wa kulia. Masikio yake yalikuwa mazuri. Kisha akabonyeza kitufe cha mdundo, mashine ikaanza kupiga ngoma zake, na wimbo ukanyooka ghafla kama nguo iliyopigwa pasi. Mwalimu akaizima mashine.

"Sema kwanza, mwanangu," akamwambia.

"Mwalimu, nota zake nimeshazijua."

"Nota umezijua. Mimi nakuomba maneno."

Msichana akayasema maneno, kwa haya kidogo, bila kuimba. Akaambiwa ayaseme tena, na safari hii mwalimu alimfuata kwa kidole kimoja kwenye kinanda, akipanda anapopanda na kushuka anaposhuka. Palikuwa na sehemu mbili ambapo kidole cha mwalimu hakikwenda mahali msichana alipokuwa amepeleka chake. Sehemu ya tatu sauti aliyoitaka mwalimu haikuwamo kabisa katika vibao 61. Ilikuwa katikati ya viwili. Akavigusa vyote viwili, akatikisa kichwa, akacheka, akasema: "Hapo kinanda hakijui Kiha."

Sentensi hiyo ni uhakiki kamili. Kinanda kimegawa oktavu katika ngazi 12 zilizo sawa, na ugawaji huo hauna dhambi. Umezaa muziki mkubwa duniani. Ila sikio la kwaya iliyolelewa nacho mwaka baada ya mwaka huanza kuziona ngazi hizo kuwa ndizo zote zilizopo, na mwimbaji anayepita katikati huambiwa ametoka nje ya sauti. Bibi wa msichana yule naye angeambiwa hivyo.

Nisieleweke kwamba natetea utovu wa kinanda. Kwetu Unguja tumeishi na swali hili zaidi ya karne. Inasimuliwa kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri ajifunze kanuni, na ala ile ya mtawala ikawa yetu. Ikhwani Safaa ilipoanzishwa mwaka 1905, vijana wake walipata ala na mahadhi kutoka Misri, wakayavisha Kiswahili. Tuliweza kwa sababu ya jahazi nililolitaja: lugha yetu haigombani na muziki wa kuazima. Tukumbuke hilo kabla ya kuwahubiria Waha kwamba wafanye kama tulivyofanya. Hata Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa mwaka 2002 katika jumba la zamani la forodha, Mji Mkongwe, kilipata heshima kwa sababu kiliwaingiza mafundi wazee darasani, wakaketi goti kwa goti na wanafunzi kama walivyoketi majumbani mwao. (Watalii wanaoulizia mlango wa Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, husahau kwamba piano alijifunza akiwa skuli ya bweni Panchgani, India. Mlango wanaoupiga picha haukumfunza kitu.)

Mtu atanipinga kwamba chumba cha mwalimu ni cha wachache. Ni kweli, na tena ni zaidi ya hivyo. Chumba kina mlango, na mwenye mlango huchagua nani aingie. Ufundi uliofungwa ndani ya ukoo unaweza kufa na ukoo. Wasichana walinyimwa ala nyingi katika nchi hizi zote. Lakini chumba hicho hicho ndicho kilichompa Rwanda Sophie Nzayisenga, aliyefundishwa inanga na babake, Kirusu, tangu utotoni, akaja kuwa miongoni mwa wapigaji wanaosifika. Hapakuwa na chuo ambacho kingemkubali mtoto wa kike wa umri ule akae na ala ya wanaume. Palikuwa na baba na sebule. Mlango unaofungia ndio uliofungua. Siwezi kulirahisisha jambo hili zaidi ya hapo.

Na kuna hasara ambayo nyanda za Kigoma zinaijua kuliko sisi. Oktoba 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Warundi kwa makundi makubwa walivuka mpaka wakaingia Kibondo na Kasulu. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa kwa Wakongo. Mtabila ilifungwa mwaka 2012. Mwaka 2015 Warundi wengine wakaja, na Nduta, Kibondo, ikafunguliwa upya. Katika misafara hiyo ngoma zilichongwa tena, na ukipita karibu na kambi uliweza kuzisikia toka mbali. Ngoma hustahimili kambi, kwa kuwa ni sanaa ya umma. Inataka uwanja, na uwanja upo. Sanaa ya mnong'ono inataka chumba tulivu, usiku usio na hofu, na mtu mmoja mwenye subira kwa mtu mmoja. Ubao wa inanga waweza kuchongwa popote penye mti. Kambini ni vigumu zaidi kupata ukuta unaozuia kelele za jirani. Wanaohesabu urithi uliopotea kwa kuhesabu ala makumbushoni hawataiona hasara hii, kwa kuwa ala itakuwapo pale, imepigwa vumbi, na maandishi chini yake.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wale wanaotaka inanga iokolewe kwa kukipiga marufuku kinanda, wala wale wanaodhani kwamba mtoto wa Kibondo akifaulu mitihani ya piano kutoka London basi amefika. Tofauti haiko katika ala iliyo mezani. Iko katika swali ambalo mwalimu anamwuliza mwanafunzi kabla hajagusa chochote. Mwalimu wa inanga hakuwa na namna ya kufundisha nyuzi bila shairi, kwa sababu nyuzi zilikuwa ndizo toni za shairi. Mwalimu wa kinanda anayo namna hiyo, na ni rahisi: karatasi ya solfa, kitufe cha mdundo, wimbo wa Jumapili ijayo. Siku hizi hata yeye mwenyewe hahitajiki, maana simu humwonyesha mtoto vidole vya mtu wa nchi nyingine. Vidole hujifunza vizuri kwa simu. Lakini simu haikuambii kwamba umesema chawa.

Ziko rekodi zilizofanywa Burundi mwaka 1967 na kutolewa na Ocora ya Ufaransa, na ndani yake Joseph Torobeka ananong'ona juu ya inanga. Maikrofoni iliwekwa karibu naye sana, karibu kama mwanafunzi. Nilimtajia mwalimu wa Kasulu rekodi hizo, naye aliniuliza swali la kifundi tu: sauti ya kinanda chake iteremshwe hadi wapi ili mnong'ono wa msichana yule uupite? Tulijaribu. Kwenye robo ya sauti kinanda kilimfunika. Kwenye alama ya pili kutoka chini, dirisha likiwa limefungwa na pikipiki za barabarani zimenyamaza kidogo, maneno yalianza kusikika.